Maharage Ndani ya Blanketi

Jumapili, 7 Septemba 2025

«Bantu ba heshima habahesabu makala.» Eti watu wa heshima hawahesabu makaa! Maneno ya shemeji Georges, leo, kwenye meza yangu, akitafuna kuku wangu. Uongo! Mtu asiyehesabu anachokichoma hana heshima, ana majivu tu.

Georges ni kaka mkubwa wa mume wangu, Gauthier. Amekuja na mpango wake: tuuze msitu wa marehemu baba yao kule Kapolowe. Wanunuzi ni wachoma makala, makaa ya miti. Watakata wote, hata miti yenye mizinga ya nyuki. Pesa zigawanywe mafungu matatu: yeye, Gauthier na dada yao Albertine. Halafu akamgeukia binti yangu Fidélie, sauti tamu kama asali ya hukohuko Kapolowe:

— Na weye utaenda kusoma Lubumbashi, mwana. Ama mama yako iko na njia ingine?

Mtoto wangu amefanywa chambo! Mbele yangu! Gauthier akaangalia sahani yake.

Kikao cha familia ni tarehe 28. Niko na wiki tatu. Nimefundisha historia miaka ishirini na miwili, na hili nalijua: falme nyingi zilizoanguka zilianza kuvuja jikoni.

Jumanne, 9 Septemba

Georges hajui kitu. Tangu Mei ninapika kwa kikapu.

Kikapu kikubwa, kile cha kubebea mahindi. Ndani blanketi mbili kuukuu, juu mto uliojaa maganda makavu ya mahindi. Maharage yanalala kwenye maji usiku kucha. Asubuhi yanachemka kwelikweli, nusu saa, juu ya mbabula — jiko letu la bati. Kisha sufuria inafunikwa na kuzikwa ndani ya blanketi ingali inatokota. Mimi naenda shule. Mchana narudi: laini! Napasha kidogo, tunakula. Makala yaliyobaki yanazimwa, yanangoja kesho.

Tulikuwa tunachoma magunia mawili kwa mwezi. Sasa moja, na linabaki. Maji ya kuoshea mboga yanakwenda kwenye lengalenga, mchicha wetu, nyuma ya nyumba, kwa hiyo mboga hatununui tena. Nguo za Fidélie zilirudi kwa fundi, hazikwenda jalalani. Niliwahi kuambiwa huu ni ubahili. Ubahili ni kumnyima mtu. Mimi nimemnyima nani? Moshi!

Na pesa ya kile tusichokichoma iko wapi? Fidélie anajua. Mimi najua. Basi.

Jumamosi, 13 Septemba

Aibu. Nilimwalika wifi Albertine aje aone kwa macho yake. Sauti yake, kura moja kati ya tatu, naihitaji. Nikamwachia nyumba, nikaenda sokoni. Nikarudi: maharage kama changarawe!

— Albertine, ulifungua?

— Minye? Kidogo tu! Nilitaka kuona kama inaiva.

— Mara ngapi?

— Tatu. Ama ine.

Hatuwezi kuamini chungu tusichokichungulia. Ndiyo kasoro yetu sote. Nimemwambia: wifi, joto halipendi umbea. Akacheka hadi akaketi chini. Lakini kabla ya jua kuzama simu ikalia. Georges.

— Bulamu, nasikia leo mulikula mawe?

Bulamu ni shemeji, na kwa kawaida ni neno la upendo. Kinywani mwake linauma. Nimekata simu. Kisha nimecheka na mimi, peke yangu, kwa hasira.

Jumatano, 17 Septemba

Gauthier amerudi kutoka kazini mtaa wa Panda, njaa imemkaba. Maharage ya kikapu, sahani mbili. Akafuta mdomo.

— Mvua ya kwanza ikinyesha, baba alikuwa anatupeleka kule msituni kuokota uyoga.

Hayo tu. Akaenda kulala.

Ushindi mdogo? Hapana. Mkubwa!

Ijumaa, 26 Septemba

Georges amefika bila hodi, saa ya chakula. Moja kwa moja jikoni. Akagusa mbabula: baridi. Akainama, akachungulia chini ya meza, akazunguka kama mkaguzi.

— Moto iko wapi? Minye sioni moshi.

— Moto ulishafanya kazi yake, umepumzika.

— Bulamu, unaficha nini mu blanketi? Unapika na uchawi?

Nikasimama mbele ya kikapu, mikono kiunoni. Nikamwambia: kikao ni kesho kutwa, watu wote watakula kutoka kikapu hiki, mbabula moja tu. Maharage yakiwa mabichi, Gauthier atatia sahihi ya kuuza. Yakiiva, msitu unabaki. Akakubali palepale.

Ulimi wangu huu! Sauti ya Gauthier si yangu kuiwekea dau. Nimemwambia usiku huu. Akauliza kama maharage ya kutosha yapo.

Jumapili, 28 Septemba

Ninaandika jikoni, haraka. Watu kumi na tisa uani. Umeme hakuna. Maharage yalichemka kabla ya misa, sufuria kubwa ya harusi, blanketi nne! Sasa Fidélie anasonga bukari, ugali wetu.

Georges alianza na hotuba: mtoto atasomaje bila msitu? Fidélie akasimama, akasoma stakabadhi. Ada ya mwanzo, chuo kikuu, imelipwa. Imelipwa! Miezi minne ya makala tusiyoyachoma. Kikohozi cha Georges. Akasema karatasi ya mauzo iko tayari hata hivyo, na dau ni dau.

Na nani amekaa juu ya kikapu? Albertine! Mzima mzima, kama kuku juu ya mayai. Georges alinyoosha mkono kwenye blanketi, akapigwa kofi vidoleni.

— Acha! Joto haipendi umbea!

Mimi sijui kama yameiva. Sijachungulia. Ndiyo mara yangu ya kwanza kupikia watu wengi hivi. Lakini nilipopita nikaweka kiganja juu ya mto: moto.

Georges anaita. «Bulamu, njala!» Natoka. Na nitasema hivi, neno kwa neno:

Wewe Georges, wewe Albertine, wewe Gauthier, watoto watatu wa mwenye msitu: wekeni mikono juu ya kikapu. Lisikieni hilo joto. Halikukata hata tawi la Kapolowe. Kabla hatujafunua, maana msitu si wa kuwekewa dau, igeuzeni karatasi hiyo ya mauzo, na nyuma yake muandike: msitu hauuzwi. Majina matatu. Georges, kalamu unayo. Anza wewe.