Waya wa Kisanduku Ulichotutumia

Nyumbani,
Jumatatu, tarehe 11 Agosti.

Mpendwa shemeji yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimekuachia. Unakula vizuri? Vumbi la huko kazini limepungua? Kaka yako alikuwa akinisomea barua zako kwa sauti, na kila ulipotaja kifua alikohoa yeye. Sisi huku afya ipo. Mama yenu hajambo, ila masikio tu. Mimi naendelea na cherehani. Sare za shule zimekuja nyingi na nashukuru, maana mikono ikiwa na kazi kichwa nacho kinatulia kidogo.

Niwie radhi kwa mwandiko. Mkono unatetemeka tangu jana, usije ukaona herufi zimelala ukadhani naumwa. Nimepiga simu ofisini kwenu, karani akaniambia huko kambini simu hazishiki mpaka mnara utengenezwe, ila gari la vifaa linakwenda huko kila Jumatano na litaibeba barua. Kwa hiyo nina leo na kesho.

Jambo lenyewe ni hili, shemeji. Naogopa nimeiharibu mitambo ya kaka yako, na sauti yake imo humo.

Unakikumbuka kile kisanduku cha USB ulichomtumia mwaka juzi? Siku kilipofika alikitoa kwenye boksi kama mtu anayetoa yai chini ya kuku. Tangu hapo kila Jumapili mchana alikuwa anamkalisha Mama kwenye kiti, anaweka maikrofoni mbele yake na kumuuliza habari za zamani, na kisanduku kikizipeleka kwenye kompyuta. Jioni aliwasha zile spika mbili alizozitengeneza mwenyewe kwa mbao za kabati la zamani, akamsikilizisha. Mama alikuwa akiisikia sauti yake mwenyewe inacheka, naye anacheka tena.

Hizo spika zina kesi na mimi. Alichukua mkasi wangu mzuri, ule wa vitambaa vizito, akakatia kile kitambaa cha mbele chenye nyuzi za plastiki. Ukawa butu. Nilimnunia siku mbili nzima. Leo ningempa huo mkasi akatie hata mabati.

Unajua tulikubaliana wote, na wewe ukiwemo, kwamba dada yako aje Jumamosi hii amchukue Mama akakae kwake, maana mimi nashinda kwenye cherehani na ngazi zetu hizi hazimfai tena. Mama mwenyewe alikubali. Lakini wiki iliyopita nilikuwa naosha vyombo, akaja akasimama mlangoni akaniambia, "Mwanangu, nimeanza kumsahau mume wako anavyosema. Sura ninayo. Sauti inanikimbia."

Nikakausha mikono, nikafungua kompyuta, nikamwekea. Akainama mpaka sikio likagusa kioo. Akasikiliza, akaniangalia.

"Huyu si mwanangu," akasema. "Huyu ni mbu."

Tulicheka sote wawili. Mimi nikaendelea kucheka, yeye akaisogeza kompyuta pembeni. Akasema, "Basi mwambie binti yangu asisumbuke na gari. Mimi siondoki hapa mpaka nimsikie."

Na kweli, begi liko tupu juu ya kitanda na haligusi. Masikio yake yamebakiwa na sauti nzito tu, zile nyembamba zimekwenda. Spika kubwa ndizo anazozisikia, na spika hizo zilikuwa hazijaungwa tangu msiba wa kaka yako. Siku ile wageni walipokuja kulala sebuleni nilikataa mtu yeyote asizishike, nikazifungua mwenyewe, watu wamesimama mlangoni na magodoro kichwani wananisubiri. Nilifanya nilivyozoea. Mimi ni fundi wa nguo, na kwa akili yangu kitu kilichofungwa uzi hakipotei. Kila waya nikaufunga uzi wa rangi yake, mwekundu, wa bluu, wa kijani, wa njano, nikauzungushia na kukaza vizuri kabisa. Vyote nikavitia kwenye gunia, chini ya meza ya kukatia.

Jana nilipovitoa ndipo nikajiona nilivyo. Nilifunga uzi kwenye waya zote. Kwenye matundu sikufunga hata mmoja.

Waya wa kompyuta na kisanduku haukunisumbua, unaingia mahali pamoja tu. Shida ni huu wenye uzi mwekundu, mnene, unaotoka nyuma ya kisanduku. Kichwa chake ni cha duara kama vichwa vya wenzake wote, na kinaingia kila mahali, tena kinaingia vizuri, huwezi kujua kama umekosea. Mbele yangu kulikuwa na amplifaya, na kile chombo cheusi cha chuma chenye taa moja, ambacho kaka yako alikiita kigeuzi. Mimi nilidhani ni cha redio. Nikakiweka pembeni. Nikauchomeka waya mwekundu moja kwa moja kwenye amplifaya.

Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha kaka yako, kilemba amekirudisha nyuma ya masikio. Kwa ajili yake nikazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Nikabonyeza.

Shemeji, sijui niieleze vipi ile sauti. Ni kama mafuta ya moto yakimwagiwa maji, lakini hayaishi. Nilibonyeza kitufe ambacho sicho, nikabonyeza kingine, mwishowe nikang'oa plagi ukutani. Chumba kikanyamaza. Kukawa na harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nailoni.

Mama alikuwa ametulia tuli, uso ameuelekeza kwenye spika. Akaniuliza, "Alikuwa anasema nini hapo? Mbona sikumwelewa?"

Nilimwambia bado natengeneza.

Leo nimezifunika spika kwa shuka na ninazikwepa kwenye chumba changu mwenyewe. Nakuuliza wewe kwa sababu ndiwe unayevijua hivi vitu: nimeua nini? Ni spika, ni kisanduku, au kompyuta nayo? Tangu jana sijathubutu kuiwasha. Nawaza nikiiwasha nitakuta imekuwa tupu, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemzika mara ya pili. Nisamehe kuandika hivi. Nashindwa kumwambia mtu mwingine.

Naacha hapa, kuna mteja anagonga.


Jumanne, saa kumi jioni.

Shemeji, naendelea. Asubuhi nilijikaza nikaenda kumwita fundi redio, yule mwenye kibanda karibu na duka la dawa, anayevaa miwani mbili, moja machoni na moja kwenye paji la uso. Alikuja, akazifunua spika, akachungulia nyuma.

"Mama," akaniuliza, "nani ameunga hivi?"

"Mimi."

"Na nyuzi hizi?"

"Ni alama."

"Alama nzuri. Nitakuletea na suruali yangu."

Nilikuwa sina moyo wa utani na nadhani aliona, maana alivuta kigoda akakaa akanieleza taratibu. Alisema, "Sikiliza, mama. Hapa kwenye kisanduku sauti bado haijawa sauti. Zinatoka namba tupu. Hiki cheusi ulichokiweka pembeni ndicho kinachozisoma zile namba na kuzifanya sauti, halafu ndipo iende kwenye amplifaya. Wewe umezipeleka namba mbichi kwenye spika. Na spika haijui kusoma."

"Hata mimi nimeishia darasa la saba," nikamwambia.

"Basi mmekutana."

Akafungua spika na bisibisi, mimi nimesimama nyuma yake kama ninayesubiri majibu ya hospitali. Ile ya kushoto nzima. Ya kulia, ile spika ndogo ya juu, ambayo wao wanaiita twita, inayotoa sauti nyembamba, imeungua. Nimeiua mimi, shemeji. Nakuambia wazi ili usije ukaisikia kwa mtu mwingine. Kaka yako aliisubiri hiyo twita miezi mitatu mpaka ikapatikana ya kufanana na mwenzake.

Fundi akaniuliza, "Marehemu alikuwa na sauti nyembamba au nzito?"

"Nzito."

"Basi yake inapita kwenye hii kubwa. Na hii kubwa haina neno."

Akataka kuunga yeye. Nikamwomba anionyeshe kwa kidole tu, mimi nichomeke, ili nijue. Waya mwekundu kutoka kwenye kisanduku ukaingia nyuma ya kigeuzi. Zile mbili za bluu zikatoka kwenye kigeuzi kwenda kwenye amplifaya. Na safari hii kila tundu nikalibandikia uzi wa rangi ya waya wake kwa gundi, fundi akinisubiri na kuguna. Kompyuta ikachukua muda mrefu sana kuamka. Ikaamka. Mafaili yapo, yote, Jumapili zote zimepangwa kwa tarehe kama alivyoziacha.

Lakini taa ya kigeuzi ikabaki nyekundu. Nilijua tu, nikasema moyoni, na hiki nacho nimekiua. Fundi akasogeza miwani ya juu ikawa ya chini, akatazama, akageuza kitufe kidogo cha mbele. Kumbe kigeuzi kina matundu mawili ya kupokelea na kilikuwa kinasikiliza lile lisilo na waya. Taa ikawa ya kijani.

Nikamwita Mama. Nikazungusha kitufe cha sauti mpaka chini kabisa, nikabonyeza, halafu nikawa napandisha kidogo kidogo, kama mtu anayepima maji kwa mguu.

Kwanza kikohozi. Kisha kaka yako akasema, "Moja, mbili. Moja, mbili. Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, baba," Mama akajibu.

Alijibu haraka, kabla ya yule Mama wa kwenye kompyuta hajajibu. Fundi aliinama akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, akatafuta muda mrefu.

Mimi sikuwa nimejiandaa, shemeji. Baada ya hapo kukasikika cherehani yangu kutoka chumba cha pili, inakwenda kwa kasi, na kaka yako akisema, "Tungoje kidogo, Mama, amalize mshono." Wakangoja. Wanangoja kweli, unawasikia wanavyonyamaza, na mimi nashona tu, sina habari. Nilishona karibu dakika nzima. Miaka yote ile hakuwahi kuniambia kwamba alikuwa ananisubiri.

Na wewe umo. Mama anasimulia ulivyomeza kifungo cha shati la baba yenu, na baba yenu akavaa shati hilo wazi siku tatu akisubiri arudishiwe. Kaka yako anacheka mpaka maikrofoni inaanguka.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja juu ya spika, ule upande wa kulia, nadhani kwa sababu inatetemeka mtu akiongea. Ilipoisha nikamuuliza kama niweke nyingine. Akasema, "Zima, mwanangu. Imetosha." Akainuka akaenda chumbani akafunga mlango.

Niliogopa tena, hofu nyingine kabisa. Fundi alishaondoka, nikabaki nimekaa na waya zangu najiuliza kama nimemfanyia wema au nimemfungulia kidonda. Alikuwa ananiomba kila siku, lakini mtu anaweza kuomba kitu asijue kinauma kiasi gani. Nilisogea mlangoni kwake mara mbili nikarudi. Mara ya tatu nikasikia zipu.

Alikuwa anapanga nguo kwenye begi. Nguo nzito chini, nyepesi juu, zimekunjwa kama nilivyomfundisha mimi. Akaniuliza bila kugeuka, "Jumamosi binti yangu anakuja saa ngapi?"

Nikamwambia saa tatu. Akasema, "Asichelewe."

Sasa yuko jikoni anachambua mchele. Mkono wangu nao umetulia, utaona hata mwandiko wa huku chini umenyooka.

Fundi ameniambia kompyuta imechoka na nisitegemee itaamka kila siku. Kabla hajaondoka alininakilia Jumapili zote kwenye flashi mbili. Moja ataondoka nayo Mama. Ya pili ni hii, nimeishonea mfuko wa kitambaa na kuushona ndani ya bahasha, kwa hiyo kata nyuzi polepole. Nina wasiwasi na barabara na mikono ya watu, lakini nina wasiwasi zaidi ikikaa sehemu moja. Hukupewa ruhusa ya kuja kumzika, na najua hilo linakukaa kooni. Faili la kifungo ni la nne. Lisikilize ukiwa umekaa.

Ukipata nafasi niandikie jina la ile twita, kama unalikumbuka. Nitaitafuta mwenyewe, hata ichukue miezi mingapi.

Mama anakusalimu na anakuambia uvae fulana kifuani. Dada yako anakusalimu. Mwana wa kaka yako, aliye chuo cha uuguzi, anasema, "Baba Mdogo, acha kuvuta sigara, nitajua." Wasalimie wenzako wote hapo kambini, hasa yule mpishi uliyesema anakubakishia chakula.

Mungu akulinde kazini na njiani, akuponye hicho kifua, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mimi ninayekupenda na kukuwaza,
Shemeji yako, mke wa kaka yako.

Unikumbuke.