Shingo Hakuuliza

Jumanne, 14 Juni 1994. Asubuhi manyunyu, Uluguru yote imefunikwa na ukungu.

Bado nina hasira. Daktari wa zahanati mpya ya binafsi alimpima Mama umeme wa moyo mara mbili, akaona mapigo yanakwenda ovyo, akasema, "Mama, punguza mawazo." Hakumwomba hata alegeze ushungi!

Leo daktari wa hospitali, mwanamke, aliufungua ushungi mwenyewe, akalipapasa rovu, ule uvimbe wa shingoni. "Tezi hii ndiyo inayoukimbiza moyo. Mngechelewa zaidi, moyo ungeshindwa kufanya kazi."

Njiani nikafoka, "Mama, kwa nini yule wa zahanati hukumwonyesha?"

"Aliuliza moyo, mwanangu. Shingo hakuuliza."

Amemeza dawa. Nimemwekea mkono kifuani. Moyo bado unakimbia. Naogopa.

Mama amelala saa tano usiku. Mimi nalala sasa, saa nane kasorobo.