Mkwe Aliyeniinua Bafuni

Mshauri mpendwa,

Nina umri wa kutoa ushauri, si wa kuuomba, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia. Mimi ni Mndali wa Ikinga, Ileje, niliyeondoka kijana kwenda migodini Zambia nikaishi Kitwe hadi mke wangu alipofariki, na sasa nakaa Tunduma kwa mwanangu Lusubilo, dereva wa malori, na mkewe Recho, binti wa Kigogo ambaye wazazi wake wanaishi Vwawa. Kwetu zamani mke wa mwana na baba mkwe walikwepana njiani, hawakugusana wala kula pamoja, na ingawa huko Kitwe sikuishi hivyo hata siku moja, niliporudi niliishikilia mila hiyo kama mtu aliyebakiwa na kitu kimoja tu cha kwao, nikawa nakula chumbani peke yangu, naye Recho akanivumilia, akawa anaweka sahani mlangoni na kusema, "Baba, ugali huo, usipoe."

Mwezi uliopita, Lusubilo akiwa safarini, niliteleza bafuni nikaanguka, goti likagoma, nami sina nguo, nikakaa pale kwenye sabuni bila kuita mtu mpaka Recho akabisha, "Baba, mbona kimya?" nikamfokea asiingie, akasema, "Basi naingia kinyumenyume, utanigombeza ukishasimama," akaingia kweli akiwa amenipa mgongo, akanirushia kanga, akanipa bega, akaniinua, na hakumwambia mtu yeyote.

Aliyesema ni mimi. Lusubilo aliporudi nilikuwa nimejaa aibu kiasi kwamba sikuweza kukaa nyumba moja na mtu aliyeniona vile, nikamwambia, "Mkeo hana adabu, amenifuata bafuni," nikaishia hapo, sikusema nilianguka, na mwanangu, anayeniheshimu kupita ninavyostahili, akamgeukia mkewe kwa ukali, naye Recho akaniangalia, akangoja niseme, nami nikainama. Akafungasha akaenda Vwawa. Sasa Lusubilo anasema mkewe harudi mpaka aniombe radhi mbele ya wazee, na kikao ni Jumapili. Je, inatosha nikimwambia mwanangu amsamehe tu, yaishe, bila kurudia habari ya bafuni?

Mzee wa Ikinga, Tunduma

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Nimetanguliza shikamoo kwa sababu yanayofuata ni makali.

Amsamehe kwa lipi? Kwa kukuokota? Ukisema "msamehe" utakuwa umemshitaki mara ya pili, safari hii kwa sauti ya upole.

Aibu ya kuanguka naielewa. Baba yangu mwenyewe alikataa fimbo mwaka mzima, akawa anatembea kwa kushika kuta. Lakini aibu hiyo ingepoa yenyewe. Hii nyingine umeitengeneza wewe, kwa sentensi uliyoikata katikati.

Na mila usiisingizie. Nimemuuliza mama mmoja wa Ileje, ambaye bila shaka anakuzidi umri, kama zamani mkwe angemwacha baba mkwe sakafuni. Akacheka: "Amwache, halafu tumzike na adabu zake?" Recho si wa kwenu, hakufundishwa hayo, na bado aliingia kwa mgongo. Wewe uliyefundishwa umemtoa nyumbani kwake.

Usingoje Jumapili. Mwambie Lusubilo leo, yote, pamoja na sabuni na kanga. Atakasirika, nyamaza, mwache akasirike. Kesho pandeni gari wote wawili hadi Vwawa. Usimtume mshenga, usipige simu, wala mwanao asizungumze kwa niaba yako. Mbele ya baba na mama wa Recho useme: "Nilianguka, binti yenu akaniinua, nami nikamsingizia." Ukiongeza "lakini" tu, umeharibu. Kikao kikiwepo, kiwepo, ila anayeomba radhi ni wewe.

Anaweza kukataa kurudi. Akikataa, usimkumbushe kuwa wewe ni mzee, na mwanao asimlazimishe. Mshukuruni, mrudi Tunduma, mjifunze kupika.