Kingo za Meza Yetu

Mwenzangu, meza imenyooshwa. ILE meza. Nimejifungia chooni nakuandikia, hata nguvu ya kulia sina.

Mama mkwe kaita fundi nikiwa kazini. Eti alituonea huruma, tumeuziwa meza ambayo haijaisha. Zile kingo zilizoachwa vilevile mti ulivyokua, zenye mawimbi, nilizokuchosha kwa picha zake, zote zimepitiwa msumeno. Zimenyooka kama rula.

Zimenyooka!! Miezi minane tumejinyima kwa ajili ya kingo zile. Meza iliyonyooka si tungeipata popote?

Na fundi kamlipa kwa pesa yake mwenyewe, aliyokuwa ameiweka ya miwani. Kasimama pale anaifuta meza kwa kitambaa, ananitazama usoni, anangoja. Ningesema nini mimi? Nikasema, "Ahsante mama, umetusitiri."

Akafurahi kweli. Halafu akauliza, "Kwani yule aliyewatengenezea aliwauzia kiasi gani?"

Baba watoto alishanionya nisimtajie bei mama yake, atapandisha presha. Nikamtajia robo. Robo tu, mwenzangu.

Akashika kichwa. "Mwanangu, mliibiwa mchana kweupe."

Mliibiwa. Kwa robo!

Sasa vile vipande vya kingo kavifunga kamba vizuri, kaviweka kando ya jiko la kuni. Kasema visitupwe, ni vikavu, kesho vitachemsha chai.

Kwa hiyo kesho njoo unywe chai. Ghali kama hiyo hutakunywa tena maishani.