Kichwa Kilichosomwa Mara Mbili

Falkland, 4 Februari 1830

Mdogo wangu Grizel,

Salamu za nyumba nzima, hata paka. Mimi ni mzima isipokuwa vidole, ambavyo baridi haivisahau mwaka wowote. Kifua chako je? Unaivaa ile flana niliyokutumia, au umeshampa mtu tena?

Sasa keti. Bethia wangu amepata mchumba. Ni mfumaji wa kitani, hanywi, kanisani hakosi, na anamchekesha mwanangu mpaka gurudumu la kusokota linasimama. Shida ni jina lake: Gavin Lumsden. Ndiyo, mwana wa Andra Lumsden, yule aliyenyongwa huko kwenu Edinburgh kwa kumuua mwenzake gulioni. Gavin alikuwa bado tumboni. Mama yake naye alikufa zamani, hana wa kumsemea.

Mchungaji hatatangaza ndoa yao kanisani mpaka mimi niseme ndiyo, nami ulimi umeganda. Watu wanasema damu haipotei, na neno hilo nalala nalo, naamka nalo. Ndipo nikakumbuka unavyoniandikia habari za bwana unayemtumikia, anayepapasa kichwa cha mtu akaijua tabia yake. Gavin anakuja huko mwezi ujao kuuza kitani. Mwombe bwana amsome, ila bwana asijue ni mwana wa nani. Atakachosema nitakifuata. Mungu anisamehe kama nabisha mlango usio wake.

Dada yako,
Euphan

Edinburgh, 19 Februari 1830

Dada yangu mpenzi,

Barua yako imenikuta na afya njema na flana mwilini, kwa hiyo usinichunguze. Niliisoma nimesimama jikoni mpaka uji ukaungua, na bwana akaula hivyohivyo.

Ah, dada, mlango umebisha uleule! Mji mzima umeshikwa na elimu hii. Mabibi wa mitaa mipya hawaajiri kijakazi mpaka apapaswe. Bwana Struthers anasema akili si kitu kimoja. Ubongo una viungo vingi, kila kimoja na kazi yake, na kilicho kikubwa husukuma fuvu kama unga uliochachuka unavyoinua kitambaa. Juu ya masikio hukaa Uharibifu, na wauaji wamevimba hapo. Utosini hukaa Ibada. Alinipapasa hata mimi, na unga wangu mikononi, akasema Ibada yangu ni kilima. Nilitembea shingo imenyooka siku mbili, mpaka nikatubu.

Tena anasema jambo jema: mwizi si wa kuchapwa na kunyongwa tu, afundishwe, maana viungo vyema navyo hukua vikitumiwa. Niliposikia hivyo machozi yalinitoka.

Ila kuna moja. Rafu za chumba chake zimejaa vichwa vya plasta, ule uji wa chokaa unaomwagwa usoni ukaganda, sura za walionyongwa, nami ndiye nawafuta vumbi. Andra Lumsden yumo. Nimemfuta uso miaka yote hii bila kujua tutaitana ndugu. Gavin akija, nitamgeuza mzee atazame ukuta.

Niombee, nami nakuombea.

Mdogo wako,
Grizel

Edinburgh, 17 Machi 1830

Dada,

Sikuulizi hali leo. Barua hii inapanda gari la posta. Gavin yuko njiani kwa miguu, na natumaini itamtangulia.

Alikuja asubuhi, akafuta viatu vyake kwa nyasi kabla hajakanyaga ngazi zangu. Nilimpenda hapo hapo. Nilimtajia bwana jina la Gavin tu. Bwana akamkalisha dirishani, akaingiza vidole kwenye nywele zake, nami nikajifanya nachochea moto. Sifa hizo, dada! Upole mpana, Ibada imesimama vizuri, na kisogoni mapenzi ya mke na watoto yanajaza kiganja. Bwana alitoka jasho kwa furaha. "Grizel," akaniambia, "wafumaji wote wangekuwa na kichwa hiki, mahakama zingefungwa." Moyoni nilikuwa nimeshaanza kukuandikia uoke mkate wa harusi.

Kisha akataka kumwonyesha tofauti. Kichwa cha mzee nilikuwa nimekigeuza ukutani, dada! Akakigeuza tena, akakishusha, akampa Gavin mikononi. Akamwambia apapase juu ya masikio, hicho ni kichwa cha muuaji, Andra Lumsden.

Gavin hakupapasa. Alikipakata kama mtoto mchanga, akakitazama usoni mpaka mimi nikashindwa kutazama. Kisha akasema taratibu, "Huyu ni baba yangu, bwana. Sijawahi kumwona."

Bwana akaketi, akainuka, akaomba amsome tena. Vidole vilevile, kichwa kilekile, na gogo nililotia motoni lilikuwa halijashika hata moto. Mara Uharibifu umevimba pande zote mbili, Ujanja umekua, na Ibada imebaki nywele tu. Akasema mara ya kwanza mwanga ulikuwa mbaya. Dirishani! Wala si mwongo, dada, anaamini kabisa. Furaha yake ya pili ilishinda ya kwanza.

Gavin akaomba apewe kichwa kile akakizike, kwa kuwa mwili walipewa wanafunzi wa udaktari wakaukata, hauna kaburi. Bwana akakataa. Kisha macho yakamng'aa. "Nipe chako, nikupe chake." Mwana wa muuaji, naye kwa plasta, kwenye rafu ya baba yake, ushahidi gani tena?

Nikamvuta Gavin shati, nikamwambia asikubali, atawekwa kati ya wauaji na mama wa msichana atasikia. Akanijibu, "Atasikia kwangu, mama mdogo." Aliniita hivyo.

Basi wakampaka mafuta nywele, wakamtia mirija ya unyoya wa bata puani apate kupumua, wakammwagia plasta. Nilimshika mkono nikamwimbia zaburi, na kiganjani mwangu kidole chake kilikuwa kinafuata wimbo.

Uliahidi kufuata atakachosema bwana. Amesema yote mawili.

Mdogo wako,
Grizel

Edinburgh, 12 Aprili 1830

Dada,

Natumaini hamjambo, maana sijui. Kila posta nashuka ngazi, napanda mikono mitupu. Kama umemfukuza, niambie. Kama umenikasirikia, nitukane, lakini kwa maandishi.

Kichwa chake kimekauka, kipo mahali pa baba yake. Waungwana wanakuja kukipapasa na wote wanaona kilichoandikwa kwenye karatasi chini yake: "Gavin Lumsden, mfumaji, mwana wa muuaji. Bado hajaua." Nilimwomba bwana aiondoe hiyo "bado." Akasema elimu haina haraka. Namfuta vumbi kila asubuhi na kumwamkia. Ndicho kichwa pekee humo chenye mtu wa kumsalimu.

Mdogo wako asiyelala,
Grizel

Falkland, 26 Aprili 1830

Mdogo wangu,

Sote wazima. Pumua.

Barua yako ya Machi ilifika baada ya Gavin, kwa hiyo sikuwa nimeonywa lolote. Alipanda barabara mchana, siku ya gulio, amebeba kitu kifuani kimefungwa kwa kitani ambacho hakukiuza. Jirani yangu Bi Tosh akamdhihaki, akamuuliza kama amemletea Bethia kabichi. Akamjibu, "La, nimemletea baba mkwe wake." Bi Tosh hajakaa sawa mpaka leo.

Akasimama kizingitini. "Mama," akasema, "nimesomwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mtu mwema, mara ya pili mtu mbaya. Sijui niingie na kichwa kipi." Akanieleza yote, na rafu pia, hakuficha kitu. 

Ndipo nikaona kitu cheupe nyuma ya sikio. Nikamwambia ainame. Ilikuwa plasta, mdogo wangu, imeng'ang'ania nywele. Amevuka maji kwa mashua na kutembea njia yote iliyobaki, na hakuna aliyemwambia. Nikachukua maji ya moto na sabuni nikamwosha, baba yake wa plasta anatutazama kutoka mezani. Nilipapasa kichwa chote kwa vidole hivi vibovu. Sikuona kilima wala bonde. Niliona plasta, chawa mmoja, na kovu la zamani lililoungana vibaya. Nikamuuliza nani alimfunga jeraha lile. Akasema alijifunga mwenyewe.

Nikamwita Bethia, nikamwambia, "Mletee mumeo kitambaa ajifute."

Wazee wa kanisa walisema plasta si maiti, haina haki ya makaburini. Basi Andra amelala bustanini kwangu, chini ya ukuta, na kitani kizuri kuliko shuka zangu. Mchungaji alikuja bila kuvaa joho, akaomba hata hivyo.

Sikukuandikia kwa kuwa niliogopa midomo ya watu kabla ya tangazo la tatu la ndoa, lile la mwisho. Lilisomwa jana. Hakuna aliyesimama kupinga, hata Bi Tosh. Harusi ni Ijumaa. Unaijua desturi yetu: bibi arusi akifika mlangoni kwake, mama wa mume ndiye humvunjia mkate kichwani kumkaribisha, na Gavin hana mama. Nitauvunja mimi. Nimeuoka mwepesi.

Ukimfuta vumbi kesho, tazama kama kwenye ile karatasi kumebaki nafasi. Chukua kalamu uongeze: mkwe wa Euphan.

Dada yako,
Euphan