Ukurasa Mpya Ulionikosesha Ndoa Yako

Nyamirambo, Kigali,
25 Novemba 2024.

Mpendwa binti yangu Aidah,

Assalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Kabla ya lolote nakuuliza hali. Umeamkaje huko Mwanza, wewe na mume wako Shami? Joto la ziwani umeshalizoea, au bado unalala madirisha wazi? Na kile kikohozi kilichokusumbua tangu Ramadhani, kimekwisha?

Huku tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Mama yako mkubwa Kanyange ametolewa plasta. Mvua za Septemba zilipoanza aliteleza kwenye zile ngazi za nyuma ya nyumba, akavunjika kifundo cha mguu. Sasa anatembea kwa kuchechemea. Ulimi haukuvunjika, kwa hiyo nyumba iko kama ulivyoiacha.

Mvua bado zinaendelea. Njia ya kuteremkia msikitini imechimbwa tena, safari hii ni mabomba, na mimi na fimbo yangu tumelazimika kuisoma upya kama wageni. Majirani wote wanakusalimu.

Barua hii nimeichapa mwenyewe kwenye ile kompyuta inayosema, na Kanyange hajaongeza hata nukta. Nimeandika kwa sababu tangu siku ya ndoa yako hupokei simu zangu. Mama yako ameniambia ulichosema, kwamba baba yako angekuwa hai, kaka yake asingethubutu kukosa. Neno hilo limenikaa kifuani. Sikukasirikii. Nataka ujue kilichotokea, kisha uamue mwenyewe.

Unajua kwamba tangu macho yangu yapofuke, nikaacha udereva wa malori, mambo ninayoyafanya bila kushikwa mkono yamebaki machache. Kukata tiketi ya basi kulikuwa mojawapo. Ile kampuni ya mabasi ya Mwanza ilikuwa na tovuti ambayo wenye macho walisema ni mbaya, maandishi matupu, hakuna hata picha. Mimi nilikuwa nikitembea humo kama nyumbani kwangu. Kompyuta inanisomea: unatoka wapi, unakwenda wapi, siku gani, mwezi gani. Naandika, inanirudishia nilichoandika, nalipa kwa simu, basi. Hata msiba wa baba yako nilikuja hivyo, peke yangu, na nilifika kabla ya watu wa Shinyanga.

Mwezi wa tisa wakaibadilisha. Walitutumia ujumbe wa kujisifu kwamba wametuletea sura mpya. Mimi sura ya nini?

Nilipoifungua ili nije kukuozesha, nilidhani nimekosea mahali. Muziki ulianza kupiga wenyewe. Kisha sauti ya kompyuta ikaanza: kitufe, kitufe, picha, kitufe, picha, kitufe. Hakuna kimoja chenye jina. Ni kama umeingia nyumba yenye wageni wengi, unamgusa kila mtu bega na kumuuliza yeye ni nani, na kila mmoja anakujibu: mtu.

Nilikaa hapo asubuhi nzima. Nikabonyeza kimoja, kikanipeleka kwenye tangazo la hoteli. Nikabonyeza kingine, wakaniuliza kama nafurahia sura mpya, na nikashindwa kupata mahali pa kujibu. Mwishowe nikaipata kalenda. Zamani ulikuwa unaandika siku na mwezi kwa vidole vyako. Sasa ni tarakimu tu zinasomwa, kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba, mwezi hautajwi. Ndoa yako ilikuwa Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Oktoba, na basi la kunifikisha lilikuwa la Alhamisi, tarehe kumi na saba. Nikachagua kumi na saba. Kumbe kalenda ilikuwa imeshajisogeza yenyewe hadi Novemba, na kitufe cha kuirudisha nyuma kilikuwa mmoja wa hao watu wasio na majina.

Usidhani niliiamini mashine. Tiketi ilipoingia kwenye simu nilimpa Kanyange aitazame. Akavaa miwani. Akasema anaona alama kubwa ya kijani, picha ya basi, familia inacheka, na neno Hongera. Siku aliiona, kumi na saba. Mwezi walikuwa wameuandika chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu juu ya nyeupe, na macho yake hayakuufikia. Simlaumu. Mtu anayeandika Hongera kwa herufi za kujaza kiganja, na mwezi wa safari kwa rangi ya majivu, anajua anachotaka usome.

Alhamisi ile nikachukua pikipiki hadi kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Kanzu yangu ya ndoa nilikuwa nimeikumbatia kifuani isilowe. Nilipofika mlangoni mwa basi, kijana wa tiketi akachukua simu yangu, akaisoma.

"Muzehe, hii tiketi iko ya mwezi wa kumi na moja," akasema.

Nikamwomba asome tena. Akasoma taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa. Nikaulizia nafasi, basi lilikuwa limejaa hadi kiti cha mwisho, na lingine lilikuwa la Jumapili. Nikaulizia kampuni nyingine, ikawa hivyo hivyo. Nikawaza kupanda magari kipande kwa kipande, nifike Rusumo, nivuke mpaka kwa miguu, nitafute gari upande wa pili. Njia ile niliijua nilipokuwa na macho. Nikampigia Kanyange, akaniambia nikithubutu atanifuata na plasta yake hiyo hiyo, na kwamba mtoto hataolewa vizuri akiwa na habari kuwa baba yake mkubwa amepotea Biharamulo. Basi likaondoka. Nililisikia likibadilisha gia kupanda kilima, na mimi nimesimama na kanzu.

Kilichofuata unakijua kwa upande wako. Upande wangu ni huu. Wewe huna kaka, babu yako hayupo, na baada ya baba yako mimi ndiye walii wako. Jumamosi nilivaa kanzu ile ile, nikakaa sebuleni, simu mkononi, tangu baada ya adhuhuri. Shehe aliponipigia nilimpa uwakilishi kwa sauti kubwa, kwa sababu laini ilikuwa inakatika, nikamwambia akuozeshe kwa niaba yangu. Nikamsikia Shami akisema amekubali. Nikasikia vigelegele, kisha simu ikafa. Kanyange aliniuliza kama imekwisha. Nikamwambia imekwisha. Hatukula mchana ule.

Nilipiga simu ya kampuni mara nyingi. Walinijibu kwamba tarehe ilichaguliwa na mtumiaji mwenyewe. Mtumiaji ni mimi. Halafu wakaifuta ile tiketi ya Novemba bila kuniuliza, wakaniletea ujumbe wenye vikatuni vinavyocheka. Kompyuta ilinisomea vyote, uso wenye furaha, uso wenye furaha, mikono inayopiga makofi.

Basi nikaenda kwao. Nilikwenda na rafiki yangu Ndihokubwayo wa Gatsata, mwenzangu katika chama chetu cha wasioona, yeye naye alikuwa amenaswa na ukurasa ule akitaka kwenda Kahama kwa binti yake. Ofisi iko Kimihurura, ghorofani. Sakafu inateleza, hewa ya baridi inatoka ukutani, na kila kitu kinanukia maua ya kwenye chupa. Alitupokea binti mmoja, Ariane, ndiye anayesimamia ukurasa. Mpole, ana sauti nzuri, amekulia Kampala nadhani.

Alituomba radhi. Halafu akasema, "Lakini muzehe, sasa iko nzuri sana. Abantu bose, watu wote, wanaifurahia."

"Bose ni nani?" Ndihokubwayo akauliza.

Ariane akatuambia wametutengenezea namba maalumu, sisi watu wenye shida, tuwe tunapiga na wao watatukatia tiketi. Ndihokubwayo akaichukua. Mimi nikakataa. Nikamwambia kwamba nilikuwa nakata tiketi yangu mwenyewe, kwa saa niipendayo, bila kumweleza mtu ninakokwenda wala kwa nini, na kwamba wao wamenipokonya hilo na sasa wananipa fadhila. Nikasema nataka ule ukurasa wa zamani, au huu mpya wautie majina. Akasema ni kazi ya muda. Nikamuuliza kutia muziki kulichukua muda gani.

Hapo akaingia mkubwa wake, mwanamume mwenye viatu vinavyogonga. Alitushika mikono wote wawili kwa pamoja. Akasema amefurahi sana tumekuja, na akaomba jambo moja. Tukae mbele ya kompyuta, fimbo zetu nyeupe zionekane, watupige picha ya kuweka kwenye ukurasa, ili wateja waone kwamba kampuni inawajali wote.

Aidah, nimeendesha lori miaka mingi, nimelala vituoni na nzi, nimekula vyakula vilivyochacha. Sijawahi kushikwa na kinyaa kama kile. Mkono wake bado ulikuwa juu ya wangu. Niliutoa.

"Ukurasa wako umenizuia kumwozesha mtoto wa marehemu ndugu yangu," nikamwambia. "Na sasa unataka uso wangu uupambe."

Yule bwana akasema hakuwa na nia mbaya. Ninaamini hakuwa nayo. Hilo ndilo linalonichefua zaidi, kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na nia mbaya.

Ariane alitushusha hadi chini. Ndani ya lifti akasema kwa sauti ndogo kwamba aliwaambia kabla hawajaufungua, kuwa haujajaribiwa na mtu asiyeona, wakamjibu kwamba yatarekebishwa baadaye. Nilimshukuru kwa kunieleza ukweli. Lakini ukweli wa kusemwa ndani ya lifti, mlango umefungwa, unamsaidia nani?

Mpaka leo wametia majina mawili. Kitufe kimoja sasa kinasema Tafuta, kingine kinasema Lipa. Kalenda bado haina mwezi. Muziki bado unapiga. Kwa hiyo unaweza kutafuta na unaweza kulipa, ila hujui unasafiri lini. Ndihokubwayo anatumia ile namba yake na anasema inamtosha, ingawa safari iliyopita walimuuliza kwanza anakwenda kufanya nini huko peke yake. Tulinuniana naye kwa ajili hiyo. Yeye anasema mimi nina kiburi, na mimi nasema yeye amechoka mapema. Sasa tumepatana, lakini hatulizungumzi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Nyabugogo kwa miguu yangu, nikapanga foleni dirishani. Mama aliyekuwa humo alitaka kunikatia kwenye kompyuta, nikamwomba aandike kwa kalamu. Nikamwomba aisome kwa sauti. Akasoma jina langu, Nasiri, akasoma Mwanza, akasoma Alhamisi, tarehe tano, Desemba. Watu wa nyuma yangu wakaanza kuguna. Nikamwomba asome mwezi mara nyingine. Akausoma bila kukasirika, Mungu amlipe, akaniambia, "Desemba, mzee wangu. Wanakungoja?"

Nikamwambia sijui.

Nitafika Ijumaa asubuhi, Mungu akipenda. Kukuozesha kumeshapita, hilo halirudi, na sitajifanya kwamba simu ni sawa na mtu. Nakuja tu kukaa na wewe. Kama hasira bado zipo usizifiche kwa kuheshimu mvi zangu, na usimpelekee tena mama yako azibebe hadi Kigali. Niambie mimi. Nitakuwa nimekaa mbele yako, na sitakuwa na haraka ya kuondoka.

Nisalimie sana mama yako Mukagasana, mwambie hakukosea kunifikishia maneno yako. Nisalimie Shami na wazazi wake wote wawili, na yule mama jirani yenu aliyenishika mkono makaburini siku ya baba yako, jina lake limenitoka. Kanyange anakubusu kwenye paji la uso. Anasema nikifika usinipe chai yenye sukari, hata nikiomba.

Mungu aijaze nyumba yako utulivu, awape riziki isiyo na masimango na watoto watakaobeba majina yenu. Amin.

Mimi nikupendaye, upokee simu au usipokee,
Baba yako mkubwa,
Nasiri