Picha ya Mama Mkubwa Iliyopigwa Jikoni

Dada Kolastika, shikamoo. Sisi wazima huku ziwani, tunakula usipa, dagaa wetu wa huku, wa kukaanga na ugali wa muhogo mpaka tunasinzia.

Geuza kadi uangalie picha. Ni Mama Mkubwa wetu, unayemuulizia kila Jumapili tangu miguu ikukatalie safari. Kaipiga mwanangu Edita kwa kamera yake ndogo ya bei rahisi. Kwanza Mama Mkubwa alitaka kusimama ufukweni, jua likimpiga usoni. Picha ikatoka imepauka kama uji; ziwa, anga na uso vyote rangi moja. "Mbona umenipaka unga?" akauliza. Edita akasema basi twende jikoni. Mama Mkubwa akanuna, maana mtu wa heshima hapigwi picha jikoni.

"Bibi, ule ukuta wenye masizi ndio utakaoutoa uso wako," mwanangu akambembeleza, akamketisha karibu na mlango, mwanga umpate ubavuni. Halafu akaikoleza kidogo kwenye kompyuta ya steshenari, weusi ukawa weusi kweli na mvi zikang'aa. Mbinga nzima hakuna mtoto kama huyu, nasema mimi niliyemzaa.

Mama Mkubwa aliishika picha, akasema, "Huyu si mimi. Huyu ni marehemu mdogo wangu, mama yenu."

Mtazame, dada. Ni mama kabisa, mpaka mashavu. Muweke karibu na kitanda chako, akuchunge mpaka miguu ipone.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Edita